Maswali ya Wasomaji: Fedha Tunazotoa Sadaka Zinafika Wapi?

Katika barua zilizotufikia tangu toleo lililopita, tano ziliuliza, kila moja kwa namna yake, kama kuna faida yoyote ya kutoa fedha kwa ajili ya wahitaji. Nimezijibu zote hapa. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wake ameuliza jambo ambalo wengi wetu hulikwepa.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Kwa miaka minne sasa, walimu 12 wa shule yetu tumekuwa tukichanga shilingi 10,000 kila mmoja kila mwezi kwa ajili ya kituo kimoja cha watoto yatima. Shule inapofungwa huenda kituoni na mchele, sukari, mafuta na sabuni, watoto hutuimbia, tunapiga nao picha, kisha tunarudi nyumbani tukiwa na furaha. Mwaka huu nilikwenda msibani katika wilaya ya jirani, na huko nikakutana na mama aliyeitambua mojawapo ya picha zilizo kwenye simu yangu: mtoto niliyempakata alikuwa mwanawe. Alinieleza bila aibu yoyote kwamba alimpeleka kituoni kwa sababu huko anapata sare, madaftari na chakula cha mchana, vitu ambavyo yeye hakuweza kuvimudu tangu baba wa mtoto alipoondoka. Niliporudi na habari hiyo, wenzangu wawili walijitoa kwenye mchango wakisema kwamba sadaka ni kujidanganya na kwamba fedha zote huishia mifukoni mwa wajanja. Je, fedha zetu zimepotea bure? – Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesita penye maneno "bila aibu yoyote". Kwa maoni yangu mama huyo hana la kumwaibisha. Aliangalia mahali fedha za wahisani zinakotua, akaona hazitui kwake, akampeleka mwanawe zinakotua.

Nimepiga hesabu ya mchango wenu. Walimu 12 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 5,760,000. Kwa mshahara wa mwalimu hizo si fedha za kuchezea, wala hazikupotea: mchele uliliwa, sabuni ilifua nguo, na siku mliyofika hakuna mtoto aliyelala na njaa. Tatizo ni kwamba fedha hizo hizo, zikichanganyika na za wahisani wengine walio kama ninyi, ndizo zilizokiwezesha kituo kuwa na sare na madaftari ambayo nyumba ya mama yule haikuwa nayo, na hivyo zikamvuta mtoto kutoka kwa mzazi wake aliye hai. Ada ilifutwa katika shule za umma, tangu msingi hadi kidato cha nne, kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula vimebaki mabegani mwa wazazi, na kwa mama anayelea peke yake gharama hizo zinazoonekana ndogo ndizo ukuta wenyewe. Mchango wenu wa mwezi mmoja ungelipia sare na madaftari ya mtoto yule na bado chenji ingebaki.

Hali hii haiko Morogoro peke yake. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa, watoto wengi wanaoishi vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kinachowafikisha huko ni umaskini zaidi kuliko kifo. Ndiyo maana Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, kisha mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na inatambua malezi ya kambo, ili mtoto asiye na wazazi aweze kulelewa katika nyumba ya watu badala ya bweni. Wako watoto ambao kweli hawana pa kwenda, na kwao kituo kizuri ni kimbilio. Lakini hatuwezi kuwatambua kwa kuwapakata.

Sasa niwarudie wenzako wawili. Kuuliza kama sadaka ina faida ni kama kuuliza kama dawa inaponya: tutamjibuje mtu kabla hajatuambia ni dawa gani na ni ya ugonjwa upi? Fedha ni kitu kisicho na umbo, nayo hufanya kazi pale tu inapoondoa kizuizi ambacho kweli kipo. Mchele haukuwa kizuizi cha mtoto yule. Ulikuwa ni kitu mlichoweza kukinunua kwa urahisi, kukipakia kwenye gari na kukiona kikishushwa. Ninasema hivi nikijihesabu na mimi, kwa maana nyumbani kwangu iko picha ya miaka mingi iliyopita nikiwa nimeshika mfuko wa unga pamoja na mtoto nisiyelijua jina lake, na siku hizi sipendi kuitazama.

Mfano ninaoupenda zaidi wa kizuizi kisichopigika picha uko Dar es Salaam. Hospitali ya CCBRT, iliyoko Msasani, huwatibu bila malipo wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalowafanya wavuje mkojo na kutengwa hata na ndugu zao wa damu. Upasuaji ulikuwa bure, lakini wanawake wengi wa mikoani hawakufika, na mtu angeweza kudhani kwamba ni ujinga au woga. Kumbe hawakuwa na nauli ya basi. Hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake waliotawanyika vijijini. Balozi anapomtambua mgonjwa hupokea fedha, humkatia tiketi, na mgonjwa akishafika hospitalini balozi naye hupata kifuta jasho chake. Idadi ya waliotibiwa ikapanda. Mhisani ambaye angepeleka matunda wodini angewaona wagonjwa wakitabasamu, lakini wale waliobaki Kigoma na Lindi kwa kukosa nauli asingewaona kamwe, kwa kuwa hawakuwapo wa kuonekana.

Mfano wa pili ni wa chandarua, nao unagusa ile imani yetu ya zamani kwamba cha bure hakithaminiwi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mama mjamzito akichangia japo kidogo atakitunza chandarua chake. Tanzania ilianza na Hati Punguzo mwaka 2004, ambapo mama aliongezea fedha kidogo dukani, kabla ya vyandarua kutolewa bure kliniki na shuleni. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima imani hiyo katika kliniki za magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: bei ilipopandishwa kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua vyandarua walipungua kwa zaidi ya nusu, na wale waliopewa bure walivitundika sawasawa na wale walionunua. Shilingi 40 zilitosha kumwacha mama na mbu. Leo hii shirika la GiveWell la Marekani, ambalo kazi yake ni kupima mashirika mengine, hukadiria kwamba ugawaji wa vyandarua katika maeneo yenye malaria nyingi huokoa maisha ya mtu mmoja kwa kila dola 5,000 hivi, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 12 za Kitanzania. Wengine huona hizo ni fedha nyingi mno. Mimi naona ni mara mbili hivi ya mlizochanga, ninyi walimu 12, bila kujiona kama watu wa kuokoa maisha ya mtu.

Kuhusu wajanja, wenzako hawajasema uongo. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Kagera tarehe 10 Septemba 2016, wananchi walichanga kwa moyo mkubwa, na kabla mwezi haujaisha Rais aliwaondoa kazini maofisa waandamizi wa mkoa na manispaa kwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Mwaka 2022, katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, shirika la GiveDirectly, ambalo hutuma fedha kwa watu maskini kwa njia ya simu, liliibiwa takriban dola 900,000 zilizokusudiwa kaya maskini zaidi ya 1,700, na baadhi ya wafanyakazi wake wenyewe walishiriki wizi huo. Lakini tazama tumezipataje habari hizi. Ile ya Kivu ilitangazwa na shirika lenyewe, likieleza namna laini za simu zilivyotumika na nani hakupata haki yake. Mimi humwamini zaidi mtu anayenionyesha alikoibiwa kuliko yule anayejigamba kwamba kila senti humfikia mlengwa, maana huyo wa pili nikimuuliza mhasibu wake analipwa na nani, hana jibu.

Nakushauri mambo haya. Msikate mchango ghafla, kwa sababu watoto waliopo kituoni wanakula leo na kesho, na hawana hatia katika hesabu zetu. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, umuulize kama kituo kina leseni, ni watoto wangapi walio na ndugu wanaojulikana, na kama kuna utaratibu wa kuwarudisha nyumbani. Kisha mwulize mwenye kituo maswali hayo hayo, umsikilize anavyojibu. Akifurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza, mwambieni kwamba sehemu ya mchango wenu, na baadaye mchango wote, itakwenda kwa mama kama yule uliyekutana naye msibani, kwa ajili ya sare, madaftari na chakula cha shule, ili mtoto alale kwao. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu lake. Na wale wenzako wawili waliojitoa waombeni wawe ndio wakaguzi wa mchango, kwa sababu chama chochote kinamhitaji mtu asiyeamini upesi.

*Assalaam alaykum Mhariri. Nina duka la nguo Mombasa, na kila mwaka ninapotoa zaka hununua unga, mchele, sukari na mafuta, nikawagawia maskini wa mtaa wetu na wa mtaa wa pili. Sitoi fedha taslimu kwa kuwa naogopa zitaishia kwenye muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, na pombe. Mwanangu aliyesoma chuo ananiambia kwamba fedha taslimu ni bora zaidi na kwamba kumpa mtu unga ni kumfanya mtoto mdogo. Ni nani kati yetu mwenye haki? – Mfanyabiashara, Mombasa*

Waalaykum salaam, mzee wangu. Lile la sheria ya dini ukalimalize na masheikh, kwa kuwa zaka ya mali, ile moja kwa arobaini, ina makundi yake manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na zaka ya Fitri kwa Mashafii wa pwani yetu hutolewa kwa chakula. Mimi nitajibu hofu yako ya muguka, maana hiyo inaweza kupimwa, na tayari imepimwa nchini mwako.

Kuanzia mwaka 2011, katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya, shirika lile lile la GiveDirectly nililolitaja juu lilituma fedha kwa M-Pesa kwa kaya maskini zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, bila sharti lolote, na wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakalinganisha maisha ya waliopata na ya waliokosa. Waliopata walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo, na wengi waliondoa nyasi wakaezeka mabati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Nakubali kwamba huenda katika mtaa wako yuko kijana mmoja ambaye ukimpa fedha asubuhi, jioni shavu limejaa. Lakini unamjua kwa jina, na si haki mama mwenye watoto watano aadhibiwe kwa ajili ya shavu la kijana huyo.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata katika kaunti hiyo hiyo, katika vijiji 653, ambapo kaya zaidi ya 10,500 zilipata kila moja takriban dola 1,000. Jambo lililowashangaza wengi ni lile lililowapata majirani ambao hawakupewa chochote: nao pia hali zao ziliboreka, kwa sababu aliyepata fedha alimwita fundi, alinunua samaki kwa jirani, alishona nguo kwa fundi cherehani wa sokoni. Kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, na bei za vitu hazikupanda kwa kiwango cha kuwasumbua watu. Wewe ni mfanyabiashara, mzee wangu, na nadhani utalielewa hili kuliko mimi. Unga unaoununua kwa jumla mjini na kuugawa mtaani unamnyima mauzo mwenye kibanda wa mtaa huo huo, ambaye pengine naye jina lake limo katika orodha yako ya maskini.

Mwaka 2025 watafiti walirudi na takwimu za watoto wachanga wa vijiji vile, wakaeleza kwamba katika kaya zilizopata fedha vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Lakini soma sehemu ya pili ya habari hiyo kwa makini zaidi kuliko ya kwanza: nafuu ilikuwa kubwa pale ambapo kituo cha afya chenye daktari kilikuwa karibu. Fedha haziwezi kununua kitu ambacho hakiuzwi. Palipo na soko na zahanati, mpe mtu fedha. Pasipo na chochote, kama wakati wa ukame ambapo hata mahindi hayapatikani, lori la unga ndilo sadaka.

Mwanao basi yuko karibu zaidi na haki, ingawa ningempunguzia maneno. Wako watu watakaoikataa fedha yako wakiwa na mashaka nayo. Huko Homa Bay kaya nyingi ziliwahi kukataa fedha za bure baada ya kuenea uvumi kwamba zinatoka kwa waabudu shetani, na siwalaumu, kwa kuwa nani hugawa fedha pasipo kutaka kura? Na kama moyo wako bado unasita kutoa taslimu, iko njia ya katikati. Bima ya afya ya serikali ya Kenya, SHA, humtaka asiye na ajira rasmi alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kawaida hudaiwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Mama anayeuza maharagwe ya nazi na mahamri anaweza kuzichuma fedha hizo kwa mwaka, lakini hawezi kuzishika zote siku moja. Wewe unaweza, kama masheikh wataona kwamba njia hiyo inakubalika katika zaka yako.

*Mhariri, kila asubuhi nikielekea kazini Nairobi hukutana na watoto walemavu walioketi kwenye viti vya magurudumu katikati ya magari. Nisipotoa roho inanisuta, na nikitoa inanisuta pia. – Msomaji, Nairobi*

Inakusuta kwa sababu imeona sawasawa. Mwezi Juni 2022 waandishi wa BBC walionyesha jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa kutoka kwa wazazi wao Tanzania, wengine kwa ahadi kwamba watapelekwa kutibiwa, wakaishia kuombeshwa barabarani huko Nairobi huku fedha zote jioni zikichukuliwa na waliowaleta. Si kila ombaomba yuko katika hali hiyo. Kipofu mzee anayeketi mlangoni mwa msikiti au kanisa kila Ijumaa na kila Jumapili, na mtaa mzima unamjua, mpe bila kuuliza maswali. Lakini mtoto anayesukumwa na mtu mzima asiyesema lugha yake, sarafu yako ni mshahara wa yule anayesukuma. Piga namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na inafanya kazi Kenya na Tanzania pia. Taja njia panda, saa, na unachokiona. Utachelewa kazini kwa dakika kadhaa, na hakuna atakayekushukuru, kwa hiyo ni kazi ngumu kuliko kutoa shilingi 20.

*Mhariri wetu, mimi ni mzaliwa wa Lamu na nafanya kazi Muscat. Kila mwezi namtumia mama, kaka yangu anayeumwa, na watoto wawili wa dada wanaosoma. Baada ya hapo sibaki na kitu. Nikisikia watu wakichangia visima na misikiti najiona mchoyo. Je, nami nahesabiwa kuwa mtoaji? – Dada wa Lamu, Muscat*

Dada yangu, wewe ni mtoaji kuliko wengi wanaosomewa majina yao kwenye vipaza sauti. Katika mafundisho ya Kiislamu, atoaye kwa jamaa yake ana ujira wa mambo mawili, sadaka na kuunga udugu. Kwa upande wa dunia, Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai, na sehemu kubwa yake ni watu kama wewe wanaolipa karo na dawa. Fedha zako zina sifa ambayo mashirika huitafuta kwa gharama kubwa: unamjua mpokeaji, na akikudanganya utaambiwa na shangazi kabla ya wiki kwisha.

Nina neno moja tu la kuongeza, na usilichukue kama deni. Fedha za ndugu hufuata njia ya udugu, na nyumba isiyo na mtu Muscat, Minneapolis wala Nairobi haipati kitu, hata kama ipo ukuta kwa ukuta na yenu. Mama yako anaijua nyumba hiyo. Siku kaka atakapopona, au mtoto mmoja wa dada atakapomaliza shule, mwulize mama ni nyumba ipi.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, naishi kwa boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi. Nikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kuna maana yoyote au ni kujisumbua? – Mwanafunzi, Dodoma*

Shilingi 2,000 kwa mwezi ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Chandarua kimoja, kwa mashirika yanayoviagiza kwa wingi, hugharimu takriban dola mbili, yaani kama shilingi 5,000, na hulaliwa na watu wawili. Mwaka wako mmoja basi ni vyandarua vinne na chenji kidogo, au ni watu wanane wanaolala bila mbu kwa miaka miwili au mitatu hivi, hadi chandarua kitakapochakaa. Ukipenda kitu cha karibu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani na chuo anamjua mtoto ambaye Januari hatakuja shule kwa kukosa sare.

Kosa ambalo ungeweza kulifanya ni kutuma 2,000 hizo kila mwezi kwa simu, kwa sababu makato ya kutuma na ya kutoa yatazitafuna kabla hazijafika. Ziweke kwenye kibubu. Tafuta wenzako wawili wa chumba kimoja, mkubaliane, na mtume mara moja tu kwa mwaka, wiki ile boom linapoingia, kabla ya mwenye kibanda cha chipsi kuja kudai deni lake.